Unga Chini ya Mipichi

Mzee Usafi ndiye mtu wa kwanza katika bonde lile kufagia shamba. Sisemi ua. Ua hufagiwa na kila mtu, hata mvivu akisikia wageni wako njiani. Yeye alifagia chini ya mipichi, mti kwa mti, kila asubuhi kabla ya chai, mpaka udongo ukawa mtupu na mgumu, unaweza kumlaza mtoto mchanga pale asichafuke.

Jina la Usafi hakupewa na mama yake. Alilipata hospitalini, alikokuwa msimamizi wa wafagizi, likamfuata mpaka kustaafu. Miaka yote ya wodini ilimfundisha jambo moja: maradhi hukaa penye uchafu. Alipopata kiinua mgongo akanunua shamba dogo la mipichi, na imani yake akahamia nayo. Chama cha wakulima wa matunda kilipoona jani halidondoki pale likalala, kikampa cheti cha shamba bora na kikawa kinaleta watu waje kutazama. Mzee akawatembeza huku mikono iko nyuma, kama daktari mkuu anayepita vitandani.

"Akifa huyu," mke wake alikuwa akiwaambia wageni, "tumzike na ufagio, la sivyo atarudi kuufuata."

Asubuhi hiyo alifagia kwa furaha isiyo ya kawaida. Ng'ambo ya seng'enge, kwa jirani yake fundi baiskeli, mti mmoja ulikuwa umekatwa na kuchomwa moto, na moshi wake ulikuwa bado haujaisha vizuri. Dundu mgeni alikuwa ameingia bondeni, mweusi tii, shingo nyekundu kama aliyejifunga skafu. Anapenda mipichi na jamaa zake, anataga mayai katika nyufa za gome, na mabuu yake yanakula mti kwa ndani.

"Nilisema mimi," Mzee Usafi alimwambia mke wake kupitia dirisha la jikoni. Safu ya kwanza ya mipichi ilikuwa karibu mno na nyumba; mama aliweza kukoroga jamu yake huku akizungumza na mtu aliye chini ya miti.

"Ulisema nini?"

"Yale majani yake yatamletea balaa. Mtu anaacha majani yanaoza chini ya mti kama hana mikono!"

"Mzee, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji."

"Nitie maji ya nini? Kichwa changu kisafi."

Mama akacheka ingawa hakutaka kucheka. Mzee akaendelea kufagia, akiguna kila alipofika kwenye shina, maana kulikuwa na vumbi jekundu lililokuwa likimkera tangu joto lianze. Alilifagia leo, kesho liko palepale. Alishaamua kwamba ni la lori la matofali linalopita barabarani. Siku moja alilisimamisha na kumgombeza dereva mpaka akachoka, ndipo dereva akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, mimi nabeba saruji."

*

Mkutano wa chama ulifanyika alasiri katika ukumbi wenye viti vya plastiki ambavyo nusu yake vilikuwa na ufa. Bibi shamba alikuwa bado anapanga vitu vyake mezani Mzee Usafi aliponyoosha mkono. Alikuja na mke wake na binti yao mshonaji, na wote wawili walimvuta shati kutoka pande mbili. Hakuvutika.

"Ndugu zangu," alisema, "dundu si mjinga. Anajua pa kwenda. Penye kichaka ndipo anapopiga kambi. Kwangu hajaonekana, wala hataonekana. Tusilaumu mdudu, tujilaumu sisi wenyewe. Na anayehusika anajijua."

Hapakuwa na haja ya kumtaja. Vichwa vyote viligeuka kumtazama fundi baiskeli, aliyekaa nyuma karibu na mlango. Fundi alitazama mikono yake, ambayo grisi ilishaingia kwenye mistari ya viganja isitoke tena.

"Ni kweli," alisema. "Kwangu yuko."

Binti mshonaji akainamisha kichwa kwa aibu. Alimpenda sana yule jirani, ambaye tangu yeye akiwa mdogo alimtengenezea baiskeli bila kumwambia baba yake.

Ndipo bibi shamba akasimama. Alikuwa msichana mrefu mwenye buti za mpira, aliyezoea kukatwa kauli na wazee. Alieleza kwamba mti ukiingiliwa hauonyeshi kitu juu: majani kijani, matunda kama kawaida, halafu siku moja unakauka wima. Alama iko chini. Akainua chupa ya kioo.

"Huu hapa. Unga wa mbao, mwekundu, chini ya shina. Buu anapokula anautoa nje. Ukiona huu, mti una wageni."

Chupa ilipitishwa mkono kwa mkono. Ilipomfikia, Mzee Usafi hakuhitaji kuitikisa wala kuisogeza kwenye mwanga. Aliujua unga ule kama anavyoijua sura yake. Alikuwa akiusomba kwa koleo kila asubuhi.

"Fundi aliuonaje?" mtu aliuliza.

"Ulijikusanya juu ya majani," alijibu bibi shamba. "Aliuona mapema, akaniita siku hiyohiyo. Ndiyo maana tumekata mti mmoja tu, ile mingine yake nimeiona, iko salama. Sasa nitapita kila shamba. Matunda hayana ubaya, mtachuma. Lakini mti ulioliwa sana lazima uanguke kabla madundu hayajatoka humo kuruka. Na tafadhali, wazee wangu, anayeficha anawafugia wenzake. Nitaanza Alhamisi kwa Mzee Usafi, kwa sababu pale najua nitamaliza haraka."

Watu wakacheka kwa heshima. Mzee Usafi naye akacheka, chupa bado iko mkononi mwake.

*

Kesho yake hakufagia. Akanywa chai akiwa amekaa, jambo ambalo lilimtia mke wake wasiwasi kuliko angemwona anatapika.

"Unaumwa?"

"Mgongo."

"Mgongo umeanza lini?"

"Jana, kwa vile viti vyao."

Siku iliyofuata pia hakufagia. Mama hakuuliza tena. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akainama chini ya mti wa kwanza, akakaa chini ya ule wa pili. Kisha akamwita binti yake kwa sauti ya chini, ile sauti ya nyumba yenye msiba. Chini ya kila mti wa safu ile unga mwekundu ulikuwa umelala, na katikati ya shamba kulikuwa na mingine iliyomwaga kidogokidogo.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Ndio huo," alisema. "Niliuona kwenye chupa."

"Na tangu lini upo?" aliuliza binti.

"Tangu joto lianze."

Hakuna aliyemsuta. Mama alishika shina la karibu, kwa kiganja kizima, kama anavyopima homa. Matunda yalikuwa yameanza kupata wekundu upande wa jua. Mwokaji mikate wa mjini alikuwa anasubiri jamu yake. Mama alishampa neno, naye hakuwa mtu wa kuvunja neno lake.

Wakati wa chakula Mzee Usafi alitoa mpango wake. Alikuwa ameupika siku mbili na ulikuwa mpango safi, kama kila kitu chake. "Alhamisi nitaamka mapema, nitafagia. Yule mtoto atakuja, atakuta pasafi, ataondoka. Tutachuma taratibu mpaka tunda la mwisho. Halafu tutaikata wenyewe, kimya kimya, nitasema mipichi imezeeka."

"Na madundu?" aliuliza mama.

"Yatakuwaje?"

"Mpaka tunda la mwisho yatakuwa yameshatoka. Yatakwenda kwa fundi. Ile miti yake aliyoiokoa ndiyo yataianza."

"Huna hakika."

"Wewe unayo?"

Mzee akasogeza sahani. Sitamsingizia kwamba aliogopa kwa ajili ya matunda peke yake. Msumeno aliuogopa, ndiyo. Miti ile aliipenda. Lakini zaidi aliuogopa ule ukumbi, na vile vichwa vilivyogeuka. Alijua yeye ndiye aliyevigeuza, na alijua vinaweza kugeuka tena.

"Baba," alisema binti, "kule hospitalini, mgonjwa wa kipindupindu akiingia wodini ungemfunika shuka useme amelala?"

"Hilo ni jambo lingine."

"Lingine vipi?"

"Lingine!" akafoka, akainuka, akasahau kwamba anaumwa mgongo.

*

Alhamisi alfajiri akatoka na ufagio. Mama alimsikia akautoa nyuma ya mlango. Angeweza kumwita. Aliona kwamba mtu mzima akifika hapo haitwi, akabaki kitandani macho wazi.

Mzee alifagia kama hajawahi kufagia. Alianza na safu ya jikoni, akaingia katikati, akazunguka kila shina, akaukusanya unga wote katika rundo moja karibu na seng'enge. Alikuwa ameinama kuuzoa aliposikia mtu anakohoa.

Fundi baiskeli alikuwa amesimama ng'ambo na kifurushi cha gazeti mkononi.

"Umeamka salama, jirani?"

"Salama. Karibu." Hakujua aufiche ufagio au koleo.

"Sikai. Nimekuletea hizi." Akafungua gazeti: spoki za magurudumu ya baiskeli, zimenyooshwa, ncha zimekunjwa kidogo kama ndoana. "Bibi shamba akikuta mti umeliwa juujuu tu, hauukati. Unaingiza hii shimoni, unamvuta buu nje. Miwili yangu niliiponya hivyo. Nikasema huenda na wewe... huwezi kujua."

Alizipitisha juu ya seng'enge. Ndipo alipoliona rundo. Aliangalia rundo, akaangalia ufagio, akaangalia udongo uliopigwa mistari na fagio chini ya kila mti. Miti yake iliyobaki ilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, na hakugeuka kuitazama.

"Unafagia," alisema.

"Nafagia."

Fundi akawa anakunja gazeti lake upya ingawa halikuwa na kitu ndani. "Haya. Mimi nilikuja na spoki. Kingine sikuona."

Akaondoka zake. Kama angetukana, Mzee Usafi angelijua la kufanya, maana matusi aliyazoea tangu wodini. Lakini hili la kuhurumiwa na mtu uliyemuaibisha mbele ya watu lilimshinda. Alisimama na zile spoki mkononi, machozi yakamlenga, akaona haya hata mbele ya miti.

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo familia ile hulicheka. Alijaza koleo, akaurudisha unga chini ya mti wa kwanza. Akaenda wa pili. Alipofika wa nne akasimama. Ulikuwa ni huu uliomwaga, au ni ule mti wa pembeni yake? Rundo lilikuwa moja, unga wote umechanganyika, hakuna tena ajuaye upi wa nani. Mke wake, aliyeshindwa kulala na kuja dirishani, alimwona anazunguka na koleo lake kama mpishi aliyesahau sufuria ipi ameshatia chumvi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Narudisha!"

"Unarudisha wapi?"

"Ndiyo hata mimi nauliza!"

Mama akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akacheka mpaka akalia, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na shukrani kubwa. Mume wake alikuwa amerudi.

*

Bibi shamba alipofika alimkuta mwenye shamba amesimama langoni wima, kofia mkononi.

"Nimefagia," alisema kabla hajasalimiwa. "Dundu yumo. Yumo tangu joto lianze, nilikuwa nafagia unga wake nikidhani vumbi. Na leo nimefagia nikijua. Kisha nikataka kurudisha, nimechanganya. Usiamini unga wowote utakaouona humu."

Bibi shamba alikuwa na maneno makali tayari, ya namna anayowaambia wafichaji, lakini hakuwahi kufundishwa ya kumwambia mtu wa namna hii.

"Basi, mzee, itabidi tupapase," alisema. "Kila shina, kuanzia kwenye mizizi. Mna mikono mingapi?"

Palikuwa na yeye mwenyewe, mama, na binti. Mzee Usafi akasema subiri, akaenda kwenye seng'enge, akaita. Walioko kwenye miti hawakusikia alichosema, isipokuwa waliona kofia bado iko mkononi, na fundi anatikisa kichwa, anatikisa tena, kisha anainua waya wa juu na kuvuka kwa taabu, suruali ikanasa, na Mzee Usafi akapiga magoti kuinasua.

Siku ile ilipita wote wakiwa wanatambaa. Walipapasa magome kwa vidole, wakatafuta mashimo, wakaitana. Fundi alivuta buu la kwanza kwa spoki, nene, jeupe, linajikunja, na binti akapiga kelele akakimbilia nyuma ya mama yake. Baadaye binti huyohuyo alivuta mengi kuliko wote. Ikafika mahali wakawa wanashindana, na mzee aliposhindwa alidai spoki yake ni ya baiskeli ya mtoto.

Jioni bibi shamba alipaka rangi miti ya kukatwa. Safu yote ya jikoni ilipata alama. Katikati ilipata miti michache. Mingine, iliyokuwa mingi kuliko walivyotumaini, ilikuwa imeguswa juujuu au haikuguswa kabisa.

"Ungefagia mpaka mwisho wa mavuno," alisema, "ningekuja kupaka shamba zima."

Mama aliiangalia safu yake ya dirishani, ile aliyokuwa akizungumza nayo wakati wa kukoroga, akajifuta macho kwa mkono wenye udongo. "Ikatwe," alisema. "Nipeni tu nafasi nichume."

Walichuma matunda yakiwa bado magumu. Mama alihofia kwamba jamu itakuwa kali. Ikatoka kali kidogo, lakini imeganda vizuri kuliko miaka yote, na mwokaji akasema wateja wake wanaipenda hivyo. Msumeno ulipokuja Mzee Usafi hakujificha ndani. Alibeba magogo mwenyewe hadi motoni. Binti alichukua futi yake ya kushonea, akapima mashina ya miti iliyobaki, akayashonea mavazi ya wavu wa waya mwembamba ili dundu asitage.

"Huyu kiuno kama cha shangazi," alisema, akizungusha futi kwenye mti mnene kuliko yote.

"Mwongezee nafasi," alijibu fundi, "shangazi hapendi nguo ya kubana."

Ilikuwa nyumba yenye hasara, na ilikuwa na vicheko kuliko ilipokuwa na cheti.

*

Mkutano uliofuata ukumbi ulijaa. Mzee Usafi aliingia na fundi, wakakaa mbele pamoja. Habari ilikuwa imeshaenea nusunusu, na nusunusu ndiyo tamu zaidi, kwa hiyo aliposimama watu walinyamaza upesi.

"Siku ile nilisema dundu anajua pa kwenda," alianza. "Alikuwa kwangu. Alikuwa kwangu kabla hajavuka kwenda kwa fundi, nami kila asubuhi nilikuwa nafuta nyayo zake. Fundi hakuleta mdudu. Fundi ndiye aliyetuonyesha. Nilimvunjia heshima mbele yenu, na mbele yenu hawahawa namwomba radhi."

"Keti, mzee," fundi alinong'ona. "Yamekwisha."

Mtu mmoja akacheka pembeni, kicheko cha pua. Mzee Usafi alikingoja. Alijua kitakuja, akajua pia hakitamuua. Kikaisha peke yake, hakikupata mwenzake.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Mwanamke muuza mayai, mwenye mipichi upande wa juu wa bonde, alikuwa amesimama, uso umempauka.

"Mzee," alisema, "nililetwa na chama kwako kujifunza. Tangu siku ile nafagia."

Bibi shamba akaweka kalamu mezani. "Na kuna vumbi jekundu, mama?"

"Lipo. Nilidhani linatoka barabarani."

"Mimi kwangu barabara iko mbali," alisema mwanamume aliye nyuma yake, akisimama polepole, "na vumbi lipo. Leo asubuhi nimelifagia."

Akasimama mwingine. Akasimama yule aliyecheka kwa pua. Viti vilikwaruza huku na kule ukumbini, na Mzee Usafi, aliyekuwa hajakaa, aliwatazama mmoja baada ya mwingine na kuwakumbuka wote. Aliwatembeza mwenyewe, mikono nyuma. Akafikiri kwamba watu hawa wangeendelea kufagia mpaka mavuno yaishe, na bonde zima likauke wima, kama yeye angekaa kimya.

"Sawa," alisema bibi shamba, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Kesho nianzie kwa nani?"

"Kwangu," alisema muuza mayai.

"Kwangu mimi, niko karibu."

"Hapana, kwangu, yangu ndiyo mikubwa."

Mzee Usafi akageuka kumtafuta mke wake. Alikuwa ameshasimama, anakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko.

"Bado umesimama hapo?" alimwambia. "Waulize nani ana spoki, nani hana. Mashamba ni mengi na mimi nina jamu jikoni."